Mjadala: Je, Philadelphia walikosea kumwongezea Joel Embiid mkataba wa dola milioni 193?

Mleta mada

Wakuu, hoja hii ni ya wapenzi wa kikapu, na naomba tuijadili kwa takwimu, mapenzi ya jezi tuyaweke kando. Septemba 2024 Philadelphia 76ers, timu ya NBA (ligi kuu ya kikapu Marekani), walimwongezea senta wao Joel Embiid mkataba wa miaka mitatu wenye thamani ya dola milioni 193 hivi, unaomfikisha mwisho wa msimu wa 2028-29 akiwa na umri wa miaka 35. Msimu uliofuata alicheza mechi 19 kati ya 82. Timu ilishinda mara 24, ikafungwa mara 58, na Aprili 2025 goti lake la kushoto likafanyiwa upasuaji tena.

Msimamo wangu ni kwamba walikosea. Ila sisemi walikosea kumwamini mtu mwenye historia ya majeraha. Walimwamini 2014 na walikuwa sahihi, wakamwamini tena 2017 na walikuwa sahihi zaidi. Kosa ni la 2024, na ni kosa la wakati na masharti.

Turudi nyuma kidogo. Embiid ni kijana wa Yaoundé aliyeanza kikapu akiwa na miaka 15 hivi. Alicheza msimu mmoja tu Chuo Kikuu cha Kansas, na hata huo hakuumaliza kwa sababu ya mgongo. Siku chache kabla ya drafti ya 2014, yaani siku timu zinapochagua chipukizi kwa zamu, ikagundulika kuwa mfupa mdogo wa mguu wake wa kulia una ufa. Philadelphia wakamchukua wa tatu hivyo hivyo, wakakaa misimu miwili mizima bila kumwona uwanjani. Alipoingia msimu wa 2016-17 alicheza mechi 31 kwa wastani wa pointi 20 akitumia dakika 25 tu kwa mechi, kisha goti la kushoto likamtoa.

Sasa tazameni walichofanya Oktoba 2017. Walimpa miaka mitano, dola milioni 148 hivi, mtu aliyekuwa amecheza mechi 31 katika misimu mitatu. Watu walishangaa. Lakini kwa mujibu wa taarifa za ESPN, ndani ya mkataba ule kulikuwa na vipengele vya kuilinda timu: akikosa mechi 25 au zaidi kwa tatizo la sehemu zilizotajwa, yaani miguu na mgongo, na dakika zake za msimu zikashuka chini ya 1,650, timu ingeweza kumwachia na kuokoa sehemu kubwa ya fedha. Mchezaji alilipwa kama nyota, na timu ikawa na mlango wa kutokea. Pande zote mbili zilibeba sehemu ya hatari. Kwangu mimi huo ndio mkataba bora kuwahi kuandikwa kwa mchezaji wa aina yake, na ulilipa: msimu wa 2022-23 alitajwa mchezaji bora wa NBA, wastani wa pointi 33.1.

Kisha ikaja Januari 2024. Tarehe 22 aliwafunga San Antonio pointi 70. Tarehe 30, baada ya kukosa mechi za Denver na Portland, akacheza dhidi ya Golden State, na Jonathan Kuminga akaanguka juu ya goti lile lile la kushoto. Gegedu likaharibika, akapasuliwa, akarudi Aprili. Kwenye mtoano dhidi ya New York alifunga pointi 50 katika mechi moja huku upande mmoja wa uso wake ukiwa umepooza. Nilimwonea fahari usiku ule, na nikamwonea huruma pia, kwa sababu mguu ulionekana wazi kuwa si wake.

Miezi mitano baadaye wakaweka mezani dola milioni 193. Kumbukeni wakati huo mkataba aliokuwa nao, uliofuata ule wa 2017, ulikuwa bado na misimu miwili kamili, na wa tatu kwa hiari yake. Hakuna timu ambayo ingeweza kumchukua. Philadelphia walikuwa na muda wa kumtazama msimu mzima kabla ya kushika kalamu. Na mlango wa kutokea wa safari hii amepewa mchezaji: msimu wa mwisho ni yeye atakayeamua abaki au aondoke. Kiangazi hicho hicho walikuwa wamempa Paul George, mwenye miaka 34, miaka minne kwa dola milioni 212. Msimu ulipokwisha George naye alikuwa amecheza mechi 41, nusu kamili.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mji huu umeshawahi kuungua. Agosti 2012 walimpata Andrew Bynum, senta wa Lakers mwenye magoti mabovu, katika mabadilishano ya wachezaji kati ya timu nne. Bynum hakuwachezea hata mechi moja. Mshahara wake ulikuwa hasara ndogo. Hasara kubwa ni waliowatoa: Andre Iguodala, aliyekuja kuwa mchezaji bora wa fainali za 2015 akiwa na Golden State, na Nikola Vucevic, aliyekuwa nyota wa Orlando kwa miaka mingi.

Karibuni. Ungekuwa wewe meneja, Septemba 2024 ungesaini?

Mchangiaji, Lubumbashi

Ndugu, mimi ningesaini, na ningelala vizuri.

Unazungumza kama vile senta mzima wa mwili anapatikana sokoni kila asubuhi. Hapa kwetu Lubumbashi tunamjua Bismack Biyombo, mtoto wetu, mtu wa kazi, mwili wa chuma. Mwaka 2016 Orlando walimpa miaka minne, dola milioni 72. Msimu wa kwanza alitoa wastani wa pointi 6, na 2018 walikuwa wameshampeleka Charlotte. Simlaumu Biyombo hata kidogo, alijituma kama kawaida yake. Ninachosema ni kwamba fedha zile zilinunua afya bila kununua ubingwa. Na nyie Tanzania mna Hasheem Thabeet, sentimita 221, wa pili kwenye drafti ya 2009 mbele ya James Harden na Stephen Curry, waliokuja kuwa nyota wakubwa wa ligi. Si magoti yaliyomwangusha. Kumsaini senta ni hatari hata akiwa mzima.

Halafu kuna Zydrunas Ilgauskas, senta wa Cleveland. Miguu yake ilimnyima msimu wa kwanza mzima. Akacheza mmoja, na mwanzoni mwa 1999 wakampa mkataba wa miaka sita, karibu dola milioni 71. Kilichofuata? Mechi 5 msimu huo, sifuri msimu uliofuata, mechi 24 baada ya hapo. Kama mngekuwa mnaandika wakati ule mngewatukana viongozi wa Cleveland hadi sauti ziwakauke. Lakini baadaye akachaguliwa kwenye mechi ya nyota wa ligi 2003 na 2005, akacheza fainali za 2007, na jezi yake namba 11 sasa imetundikwa juu ya uwanja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mchezaji bora wa ligi huwezi kumwambia subiri tuone.

Mchangiaji, Nairobi

Nakubaliana na ndugu wa Lubumbashi kwa sababu nyingine. Embiid alipoteza misimu miwili ya ujana wake, akairudisha timu iliyokuwa inafungwa kila wiki mpaka kwenye mtoano mwaka baada ya mwaka. Ukimwambia mtu wa namna hiyo asubiri msimu mmoja, mchezaji mwingine yeyote anayefikiria kuja Philadelphia atasikia. Heshima nayo ina bei kwenye ligi hii.

Ila pia tuseme ukweli wote: hadi 2025 hawajawahi kufika fainali ya Kanda ya Mashariki wakiwa naye. Mara ya mwisho ilikuwa 2001. 2018 aliingia mtoano na mfupa wa uso uliovunjika, 2021 na gegedu la goti la kulia, 2022 uso tena pamoja na kidole gumba, 2023 goti. Kila mwaka mwili unamtoka pale pale fedha zinapohitaji kurudi.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Nafanya kazi ya fiziotherapia, naomba niongeze jambo ambalo mleta mada amelipita haraka.

Mfupa wa mguu ukipasuka unaweza kuunga. Unatiwa skrubu, unapumzishwa, na mgonjwa anaweza kurudi karibu na alivyokuwa. Ndiyo maana miguu ya Ilgauskas ilirekebishika. Gegedu la goti si hivyo. Sehemu yake ya ndani inapata damu kidogo sana, haiponi vizuri, na kila kipande kinachoondolewa kinaongeza mzigo kwenye mfupa. Sasa weka juu yake mtu wa sentimita 213 na kilo 127 anayeruka na kutua mara nyingi kila usiku. Kiangazi kile cha 2024 alikwenda pia Olimpiki ya Paris akiwa na timu ya Marekani, wakachukua dhahabu. Sina neno baya na hilo, ni haki yake. Lakini goti halikupumzika, na hili halikuhitaji kusubiri 2025 ili lionekane.

Na kanuni ya mechi 65 iliyoanza msimu wa 2023-24, kwamba usipofikisha idadi hiyo husimami kwenye tuzo kubwa, mimi kama mtu wa tiba siipendi. Inamsukuma mchezaji mwenye maumivu kuhesabu mechi badala ya kusikiliza mwili wake.

Mleta mada

Asanteni, michango ni ya maana.

Ndugu wa Lubumbashi, hoja ya Biyombo naipokea yote. Afya peke yake haifungi pointi. Ya Ilgauskas naikataa. Aliposaini alikuwa na miaka 23. Hata baada ya kupoteza karibu misimu mitatu alikuwa bado na muongo mzima mbele yake, na dada wa Dar amekwisha kueleza tofauti ya mfupa na gegedu. Embiid alisaini akiwa na miaka 30 na nusu, kwa fedha zitakazolipwa akiwa na 32 hadi 35. Tukitaka mfano ulio karibu naye tumtazame senta Kristaps Porzingis pale Boston. Walimchukua 2023 wakijua kabisa historia yake, wakamwongezea miaka miwili tu, dola milioni 60. Alicheza mechi 57, akaumia misuli ya mguu katika raundi ya kwanza ya mtoano, na Boston wakaendelea kushinda kwa sababu senta mwingine, Al Horford, alikuwepo. Akarudi fainali, akafunga pointi 20 mechi ya kwanza, akaumia tena, na kombe likaja. Ile nayo ilikuwa kamari, lakini waliweka fedha ambazo wangeweza kuzipoteza bila timu kuanguka.

Ndugu wa Nairobi, la heshima umenigusa. Embiid hana kosa lolote kuchukua alichopewa, na ningekuwa yeye ningesaini kabla wino haujakauka. Lakini mkataba wa 2017 ulikuwa na vipengele vikali vya majeraha, na haukumvunjia heshima. Alibaki, akacheza, akawa mchezaji bora wa ligi chini ya masharti hayo. Kwa nini kipengele kama kile, safari hii cha goti la kushoto, kiwe tusi mwaka 2024?

Ningemwambia hivi: mkataba upo, hatukuuzi, tucheze msimu huu bila haraka ya mechi 65, na Julai 2025 tukae mezani. Fedha za George ningezigawa, sehemu kubwa kwa senta wa pili anayeweza kuanza mechi 40, ili siku goti likiuma Embiid apumzike bila kuhisi kwamba timu yote inamsubiri. Meneja anayemtegemea mtu mmoja kwa kila mechi ndiye anayemrudisha mapema.

Dada, nakurudishia swali ambalo sisi mashabiki hatuwezi kulijibu. Kwa goti lililofikia hapo, mwili wa kilo 127 na umri wake, mpango wa mechi 50 kwa msimu, bila kucheza siku mbili mfululizo, ungeweza kumfikisha 2029 akiwa bado mchezaji? Au hata hizo 50 ni nyingi?