Naomba ushauri: mdogo wangu ana usaha wa mfupa kidoleni

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu ni fundi seremala. Mwaka jana msumari ulimchoma kidole cha shahada, mkono wa kulia, akafunga kitambaa akaendelea na kazi. Tangu hapo kidonda kinafunga, baada ya wiki mbili tatu kinafumuka tena, usaha unatoka kwenye kitundu kidogo karibu na kiungo. Amemeza antibayotiki za dukani mara nyingi, siku tano tano, akipata nafuu anaacha.

Mwezi huu ndipo tukapiga eksirei. Daktari anasema ni maambukizi sugu ya mfupa, osteomayelaitisi, na ndani kuna kipande cha mfupa kilichokufa. Damu haifiki kwenye kipande hicho, kwa hiyo dawa nayo haifiki, na bakteria wanajificha humo. Anataka kukitoa kwa upasuaji, sampuli ya mfupa ioteshwe maabara ijulikane dawa ipi inawaua, kisha atumie dawa takriban wiki 6. Sukari amepimwa, hana.

Mdogo wangu anaogopa atakatwa kidole. Mkono ndio jembe lake, na mimi naumia nikimwona anavyouficha mbele ya wanawe.

Aliyepitia hili, kidole kilirudi kukunjika? Mazoezi mlianza lini? Tena tumeambiwa akae wiki 2 bila antibayotiki kabla ya sampuli kuchukuliwa. Usaha ukizidi katikati ya hizo wiki tufanyeje? Madaktari, nisaidieni tafadhali.