Naomba ushauri: kadi moja isiyotoza riba kwa deni la zamani na tiketi, au kadi mbili?

Mama Pili
Habari zenu ndugu zangu. Ninaishi Leicester, ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na naomba ushauri kabla sijajaza fomu yoyote. Nina kadi ya mkopo yenye deni la pauni 2,400, ambalo limenikaa shingoni tangu gari langu lilipoharibika mwaka juzi. Wiki iliyopita niliisoma taarifa ya mwezi mstari kwa mstari kwa mara ya kwanza: nililipa pauni 80, riba ikachukua 45, na deni lenyewe likapungua kwa pauni 35 tu. Niliumia sana, kwa kuwa miezi yote hiyo nilijiona ninalipa.

Sasa nataka kwenda Tanga na wanangu wawili wakati wa likizo ya Pasaka kumwona mama, na tiketi tatu zinafika pauni 1,900. Nimeona kadi zisizotoza riba kwa manunuzi, nyingine kwa deni linalohamishwa kutoka kadi ya zamani, na nyingine kwa yote mawili. Nikijibana ninaweza kulipa pauni 200 kwa mwezi. Nichukue ipi?

Mzee wa Hesabu
Pole sana, dada. Nakushauri usianze na muda wa kutotozwa riba unaotangazwa, bali anza na hizo pauni 200 zako. Kuhamisha deni mara nyingi kuna ada. Tukikadiria asilimia 3, deni lako litaingia kwenye kadi mpya likiwa pauni 2,472. Ukiongeza tiketi unafika pauni 4,372, nazo zitakuchukua miezi 22. Ukipata kadi ya yote mawili yenye miezi 18, muda utakwisha ukiwa bado unadaiwa pauni 772, na hapo riba ya kawaida itaanza.

Deni la zamani peke yake, kwa pauni hizohizo 200, linakwisha ndani ya miezi 13. Nasema hivi kwa sababu watu wengi hukimbilia kadi yenye muda mrefu kuliko zote, ilhali hiyo ndiyo mara nyingi yenye ada kubwa. Mtu anayehitaji miezi 13 hana sababu ya kununua miezi 30. Atafute ya miezi 15 yenye ada ndogo, au isiyo na ada kabisa.

Neno "hadi" katika matangazo nalo lisikupite. "Hadi miezi 24" maana yake wewe unaweza kukubaliwa lakini ukapewa 12. Hata riba inayotangazwa, sheria ya hapa Uingereza inataka ipewe angalau asilimia 51 ya wanaokubaliwa, na waliobaki wanaweza kutozwa zaidi. Kwa hiyo kwanza tumia huduma za mtandaoni zinazopima uwezekano wako wa kukubaliwa. Upimaji huo wakopeshaji wengine hawauoni, lakini maombi kamili wanayaona, na ukituma mengi kwa mfululizo unajiharibia.

Jambo la mwisho, tafadhali usinunue tiketi kwa kadi ambayo msamaha wake wa riba ni wa deni lililohamishwa tu. Tiketi hizo zitatozwa riba ukidhani uko salama.

Binti Pangani
Dada, weka dairekti debiti, yaani agizo la benki yako kulipa yenyewe kila mwezi, siku ileile kadi inapofika, hata kama ni ya kima cha chini cha malipo tu, kisha ongeza mwenyewe zilizobaki. Mimi nilibadilisha akaunti ya benki nikasahau kuhamisha malipo hayo. Nilichelewa siku tatu tu, nikatozwa faini na muda wangu wa kutolipa riba ukafutwa, wakati nilikuwa nimebakiwa na miezi 11. Nilipiga simu, nikabembeleza, haikusaidia.

Msafiri wa Kusi
Mama Pili, je, umejiandikisha katika daftari la wapiga kura? Wengi wetu hudhani ni la raia wa Uingereza peke yao, lakini raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi hapa kihalali, Watanzania na Wakenya wakiwemo, wana haki hiyo. Wakopeshaji hulitumia kuthibitisha anwani yako, na kukosekana kwako humo kunaweza kukukosesha kadi nzuri.

Kuhusu tiketi, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji asipotimiza alichokuuzia, ikiwa bei ya kitu ni zaidi ya pauni 100 na haizidi 30,000. Nunua moja kwa moja kwa shirika la ndege, kwa sababu ukipitia wakala kinga hiyo inaweza kukatika. Tena usitumie kadi hiyo kutuma fedha nyumbani. Mara nyingi huhesabiwa kama kutoa fedha taslimu, na riba yake huanza siku hiyohiyo.

Ummu Salim
Kwa sisi Waislamu kuna suala jingine, nalo ni kwamba mkataba wenyewe una sharti la riba mtu akichelewa. Wapo wanazuoni wanaolikataa kabisa, na wapo wanaoruhusu kwa mwenye haja aliye na uhakika wa kulipa kwa wakati. Muulize sheikh unayemwamini kabla ya kutia saini.

Mama Pili
Nawashukuru sana. Nimezungumza na dada yangu, naye amekubali kukaa na watoto, hivyo nitakwenda peke yangu. Inaniuma, maana mama hajawahi kumshika mjukuu wake mdogo. Tiketi moja ni pauni 633. Je, sasa kadi moja itatosha?

Mzee wa Hesabu
Itatosha. Jumla yake ni pauni 3,105; katika kadi ya yote mawili yenye miezi 18 ni kama pauni 173 kwa mwezi, na kwa pauni 200 utamaliza mwezi wa 16. Wakikupa kikomo cha mkopo kilicho kidogo kuliko jumla hiyo, hamisha sehemu ya deni na uendelee kulipa iliyobaki. Hakikisha kadi mpya si ya benki ileile unayodaiwa, kwa kuwa kwa kawaida hawaruhusu kuhamishia kwao. Soma pia tarehe ya mwisho ya kuhamisha, ambayo mara nyingi ni siku 60 au 90 tangu akaunti ifunguliwe. Kadi ya zamani usiache kuilipia mpaka uone kwa macho yako salio limesoma sifuri.