Mjadala: Tukipunguza uzito wa mtihani wa darasa la saba, mtoto tumpimeje?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Tangu mtaala ulioboreshwa uanze hapa Tanzania Januari 2024, tunaambiwa tufundishe umahiri: mtoto aweze kufanya, asiishie kukariri. Sawa. Lakini mwisho wa safari bado anasubiriwa na karatasi, na walimu tunajua kwamba kinachoamua tufundishe nini ni karatasi hiyo. Ikifika mwezi wa nane, darasa la saba hawagusi tena kitu ambacho hakijawahi kutoka kwenye pepa.

Nafundisha hesabu shule ya serikali, mwaka wa 14 sasa. Mwaka jana niliwapa watoto wa darasa la sita kamba, vigingi na futi, wapime tuta la mchicha la mita mraba 6. Karibu wote walikimbilia 2 kwa 3. Kijana mmoja akaangalia kwanza nafasi iliyobaki kando ya uzio, akapiga vigingi mita 1 kwa 6. Nikamuuliza kwa nini. "Mwalimu, hapa 2 kwa 3 haiingii. Halafu tuta likiwa pana, mkono haufiki katikati kupalilia." Muhula huohuo, kwenye mtihani wa wilaya, alipata 16 kati ya 50. Binti aliyepata 41 nilimwomba anionyeshe njia ya swali la eneo alilopatia. Akaniambia alichagua C kwa sababu C zilikuwa bado chache.

Ninachopendekeza ni hiki: nusu ya alama itokane na kazi ambayo mwalimu ameiona kwa macho. Mtoto asome kwa sauti akiwa peke yake na mwalimu, kama watafiti wa Uwezo, wanaopima kusoma na kuhesabu kwa watoto Afrika Mashariki, walivyofanya kuanzia mwaka 2009, wakipita nyumba kwa nyumba na hadithi fupi ya darasa la pili. Afanye kazi za vitendo, na awe na jalada la kazi zake tangu darasa la tano. Nusu nyingine ubaki mtihani. Karibuni.

*Mwalimu wa Kiswahili, darasa la nne:*
Nina watoto 126 chumba kimoja. Dakika 5 kila mmoja ni dakika 630, yaani saa 10 na nusu, kwa somo moja tu. Wale 125 wanafanya nini wakati huo? Wazo zuri, mwalimu mwenzangu, ila usituongezee mzigo kabla hujatupa mikono.

*Mwalimu mstaafu:*
Hili si geni, wanangu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka hivyohivyo, tuache kumhukumu mtoto kwa mtihani mmoja, na ndipo alama za maendeleo, zile anazotoa mwalimu shuleni, zikaanza kujumlishwa kwenye matokeo. Nimezijaza miaka mingi nikiwa mwalimu wa taaluma. Shule moja niliyofanyia kazi, mkuu aliniita ofisini akaniambia, "Hizi 12 na 15 zitatuaibisha, panda nazo." Nikapanda nazo. Hadi leo inaniuma, maana palikuwa na mtoto aliyezipata 25 zake kwa jasho, akalingana na wote. Mtihani wa taifa una kasoro zake, lakini msahihishaji anaona namba, haoni jina. Mtoto wa mvuvi asiyejuana na mtu yeyote, namba ile ndiyo wakili wake.

*Mzazi, Mombasa:*
Huku Kenya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanyika mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa kwenda sekondari ya juu, mtihani wa gredi ya 9 una asilimia 60, ule wa gredi ya 6 asilimia 20, na kazi za shuleni za gredi ya 7 na 8 asilimia 20. Mimi naunga mkono, mwanangu anaeleza anachojifunza kuliko kakake aliyepitia KCPE. Lakini jihadharini na kazi za kupeleka nyumbani. Nimekesha nikikata maboksi na kubandika gundi, mtoto amelala. Zile alama zilikuwa zangu.

*Mwanzisha mada:*
Mzee wangu, shikamoo. Umegusa penyewe, nami sina la kukupinga kuhusu kupika alama. Ila mtihani nao si mizani isiyoguswa. Mwaka 2012 darasa la saba walipimwa hadi hesabu kwa maswali ya kuchagua tupu, sekondari zikapokea kidato cha kwanza watoto wasiojua kusoma. Mwaka huohuo kidato cha nne zaidi ya nusu walipata daraja sifuri, matokeo yakafutwa, madaraja yakapangwa upya, na wengi wakapanda bila kushika kalamu tena. Huo nao ni uamuzi wa watu waliokaa mezani.

Dada wa 126, usiwasikilize siku moja. Watoto 5 kila siku wakati wenzao wanaandika, ndani ya wiki 5 au 6 umewamaliza. Na kazi zote zifanyike shuleni, hakuna gundi nyumbani. Kuhusu kupika: kila muhula mwalimu wa shule nyingine ya kata aje, achague majalada 10 kwa kura, ayasahihishe bila kuona alama zako. Akikuta umezidisha, alama za darasa zima zinashuka. Mzee, yule mkuu angethubutu kukwambia upande?

*Mwalimu mstaafu:*
Marahaba. Asingethubutu kuniambia mimi. Angempigia simu mkuu wa shule ya jirani.

*Mwanzisha mada:*
Basi asijulikane anakotoka hadi asubuhi ya siku hiyo, na atoke kata nyingine kabisa. Nauli yake nani analipa? Hapo ndipo naomba mawazo, hasa ya maafisa elimu kata mnaosoma hapa.