Ushauri: machujio ya sauti yanailemea kompyuta katika usanisi wa punje

Mpiga_Amadinda, Kampala
Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Ninatumia Pure Data (programu ya kuunda na kuchakata sauti) kukata rekodi ya amadinda, yaani marimba ya mbao ya Uganda, kuwa punje za milisekunde 30 hadi 60, kisha ninazirundika mpaka mapigo yageuke wingu la sauti. Kila punje ina chujio lake la kupitisha masafa ya chini, kwa kuwa napenda nyingine ziwe kali na nyingine nzito. Punje zikifika 32 kwa pamoja, sauti inakatikakatika. Je, nipunguze punje, au machujio yapangwe upya?

Fundi_Mitambo
Punje ziache. Ukichuja kila punje kisha ukajumlisha, au ukajumlisha kwanza ndipo ukachuja, matokeo ni yaleyale ilimradi chujio lina mpangilio mmoja kwa punje zote, hata kama mpaka wake wa masafa unasogea. Kwa hiyo tengeneza njia nne, mathalani za hertzi 400, 1,000, 2,500 na 6,000, kila moja ikiwa na chujio moja mwishoni, na kila punje inapoanza ichague njia ya kupita. Machujio 32 yatakuwa manne, na kwa punje fupi kiasi hicho sidhani kama utakosa ngazi za katikati.

Mwalimu_wa_Jinja
Nakubaliana naye, ila kwa rekodi isiyobadilika mimi ningechuja mapema kabisa: hifadhi nakala nne zilizokwisha kuchujwa katika jedwali nne, na punje isome jedwali inalolitaka. Sekunde 10 za rekodi ni sampuli (vipimo vya sauti) 441,000 tu kwa kila nakala, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, na wakati wa kupiga hakuna chujio linalofanya kazi. Hasara yake ni kwamba huwezi kusogeza mpaka wa masafa jukwaani, na njia hii haifai kwa endingidi (fidla ya uzi mmoja) inayoingia moja kwa moja kupitia maikrofoni.

Zingatia pia mwangwi wa chujio kali. Likiwa mwishoni mwa njia, huendelea kulia baada ya punje kwisha na kufifisha mapigo ya amadinda. Katika nakala iliyochujwa mapema, bahasha ya punje, yaani umbo la kupanda na kushuka kwa sauti yake, huukata mkia huo.

Mpiga_Amadinda
Nashukuru sana, ssebo. Nitatumia jedwali kwa amadinda. Lakini nikibakiza chujio la pekee kwa punje chache, mbona husikika mlio wa "tik" punje mpya inapoanza?

Fundi_Mitambo
Chujio hubaki na kumbukumbu ya punje iliyopita. Litumie ujumbe wa `clear` kabla ya punje mpya, na sehemu zinazopiga punje, zikinyamaza, zizime kwa `switch~`, kwani chujio huendelea kupiga hesabu hata pasipo na kitu cha kuchuja.