Naomba ushauri: lehemu inagoma kwenye hereni za shaba

Habari zenu mafundi. Nipo Kirumba, Mwanza, natengeneza hereni na pete za shaba. Mwanzo nilitumia risasi ya mafundi redio. Inashika haraka, ila mteja akivuta kidogo tu kikulabu kinabaki mkononi. Aibu niliyoipata sokoni nawaachia wenyewe mfikirie.

Sasa nimehamia lehemu ya fedha na tochi ya gesi. Napiga msasa, napaka boraksi (dawa ya unga inayosaidia lehemu kushika) iliyokorogwa na maji, nabana, nawasha. Basi hapo ndipo vituko huanza: lehemu inajikunja kama shanga na kubingirika pembeni, haiingii kwenye kiungo. Nikiongeza moto, kiwaya cha kikulabu kinayeyuka wakati bamba la hereni bado halijawa jekundu! Jana nimeharibu jozi tatu.

Sonara mmoja mzee aliniambia lehemu hufuata joto, kwa hiyo nianze kupasha bamba, kiwaya kipate moto mwishoni. Nimejaribu, afadhali kidogo, lakini nafanyia kazi barazani na jioni upepo wa ziwa unaupeperusha moto hovyo. Je, tofali la kuchoma likikingwa pande tatu linatosha, au nitafute mkaa wa kuwekea kazi juu yake?

Na zile fimbo za lehemu za mafundi friji zinafaa kwenye shaba ya njano? Nasikia nyingine zina kadimiamu, moshi wake ni sumu, na mimi nina watoto hapa nyumbani. Nazitambuaje?