Naomba ushauri: ukoo wa Tan wa mume wangu tuufuatilie kuanzia wapi?
Habari zenu wapendwa. Mume wangu ni Mchina wa Penang, Malaysia, wa ukoo wa Tan. Herufi yao, 陳, ndiyo hiyohiyo ya kina Chen wa Taiwan na kina Chan wa Hong Kong; lahaja ndizo zimewatenganisha. Chimbuko ni dola ya kale ya Chen, katika jimbo la Henan la leo huko China, iliyomezwa na dola jirani ya Chu karne ya 5 KK.

Mababu zake walitokea Fujian, jimbo la kusini-mashariki mwa China, hapo ndipo tumekwama. Kaburi la babu liliandikwa wilaya ya asili, lakini imebaki herufi moja tu, nyingine zimelika na mvua. Watoto wanauliza kwao wapi, natamani sana kuwajibu.

Mliowahi kufuatilia, tuanzie nyumba ya ukoo pale George Town, mji mkuu wa Penang, au twende Fujian kutafuta kitabu cha nasaba? Na kipimo cha vinasaba kinasaidia kweli?