Naomba ushauri: mzazi anataka mwanawe apandishwe mkanda

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha watoto karate ya Shotokan hapa Temeke, jioni mara tatu kwa wiki. Mzazi mmoja ananibana nimpe mwanawe mkanda wa kahawia, ule wa kabla ya mweusi, kabla ya Desemba, kisa binamu yake anao. Dogo ana mateke mazuri kweli, ila Heian Shodan, mojawapo ya kata (mfululizo wa miondoko iliyopangwa) za mwanzo, bado anageukia upande siyo. Akishindwa kwenye kumite, yaani pambano la mazoezi na mwenzake, ananuna, hainami kumsalimu mwenzake. Hilo ndilo linaniumiza zaidi. Sisi mwalimu alitufagilisha ukumbi miezi kabla ya kutufundisha ngumi. Tatizo, huyu mzazi ndiye anayelipa ada kwa wakati. Mliowahi kufundisha, mzazi wa hivi mnamwambiaje bila kumpoteza mtoto?